Pipa Lililofukuza Merikebu Tatu

Mamangu, Ami, Khalati, na nyote mnaokaa barazani baada ya magharibi,

Afya yangu nzuri, kazi ya kupiga besi melini ipo, na pilau ya huku Karibi haina bizari, kwa hiyo tusiizungumze. Nawaandikia kwa sababu kuna nchi huku imefukuza merikebu kwenye nembo ya taifa ikaweka pipa. Trinidad na Tobago, tangu ipate uhuru 1962, ilikuwa na ngao yenye merikebu tatu za Christopher Columbus, baharia aliyesifiwa dunia nzima kwa kupotea njia. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lao likapitisha sheria: merikebu ziondoke, mahali pake likae pipa la mafuta lililokatwa na kupondwa kwa nyundo mpaka likajua kuimba. Wenyewe huliita pan. Hebu wazieni Bunge la Nairobi limwondoe yule jogoo mwenye shoka kwenye ngao yetu, liweke debe la Kimbo. Ami angeivunja redio. Lakini mimi mpiga besi, ambaye kikazi ni mtu wa kusimama nyuma ya wenzake, naona hiyo ndiyo nembo ya kwanza iliyosema kweli kuhusu bandari.

Kweli yenyewe nitaitetea mpaka kahawa iwaishe. Historia ya bandari za Karibi haimo ngomeni, imo kwenye ala za muziki. Na ala hizo zilitengenezwa kwa vitu ambavyo bandari ilivitupa, na watu ambao serikali iliwakataza kupiga vitu vingine. Mgeni akishuka melini huku huelekezwa kwenye kuta za mawe. Havana ina ngome ya El Morro, iliyoanza kujengwa 1589 kwa michoro ya Mwitaliano aitwaye Battista Antonelli. Fort Jesus yetu ilianza 1593 kwa michoro ya Mwitaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati. Mabattista wawili, bahari mbili, mwajiri mmoja: Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kukalia na kiti cha Ureno. Kwa hiyo nyinyi mliokulia kivulini mwa Fort Jesus mmeziona ngome za huku bila kulipa nauli. Ngome itakwambia mtawala alimwogopa nani. Haikwambii kuli alikula nini, alilala wapi, wala Jumapili alijistarehesha vipi. Hayo yamo kwenye sanduku, kwenye jembe na kwenye pipa.

Nianze na sheria, maana bila sheria pipa lisingekuwapo. Watumwa wa Trinidad walipata uhuru kamili 1838, na sherehe yao ya usiku yenye mienge na ngoma, Canboulay, ikaingia ndani ya Kanivali. Mwaka 1881 mkuu wa polisi, Kapteni Arthur Baker, aliazimia kuizima mjini Port of Spain. Watu wakatoka na fimbo, polisi wakakiona cha mtema kuni. Serikali ikaenda kujifikiria, ikarudi na sheria ya 1884 iliyozuia mienge, ngoma, na mkusanyiko wa watu kumi au zaidi wenye fimbo. Kumi! Nimeitafakari hesabu hii kwa muda ambao mtu mwenye kazi ya maana hana. Maana yake watu tisa wenye fimbo ni raia wema. Wa kumi akipita kuwaamkia tu, wote ni wahalifu, akishaaga, wametakasika. Ingekuwa Mombasa tungekuwa na vikundi vya watu tisa tisa kutoka Mwembe Tayari hadi Bondeni, na kila kikundi kimeajiri kijana wa kuhesabu, naye asimame mbali kidogo asije akawa wa kumi. Harusi zetu nazo, pamoja na taa zake, ngoma zake na wazee wake wenye bakora, zingekuwa mashtaka matatu kwa usiku mmoja. Ila si yote ya kuchekea. Oktoba ya mwaka huo huo, vibarua wa Kihindi wa mashamba ya miwa, waliokuwa wamekatazwa kuingia mjini na maandamano yao ya Muharram, walishika njia ya San Fernando na ngoma zao. Polisi waliwafyatulia risasi, wakaua watu wengi na kujeruhi wengi zaidi. Na ile sheria ya mienge na ngoma, jina lake lilikuwa Sheria ya Kulinda Amani.

Ngoma ya ngozi imekatazwa, basi watu wakakata mianzi. Vipande vinene vilipigwa chini ardhini vitoe sauti nzito, vyembamba vikagonganishwa kwa sauti kali, na mchezo wote ukaitwa tamboo bamboo. Mwanzi haumo kwenye sheria. Ubaya wake hupasuka, na mwishoni mwa miaka ya 1930 vijana wa Port of Spain wakaanza kushika chochote cha chuma: mifuniko ya mapipa ya taka, makopo ya biskuti, makopo ya rangi. Ndipo likajulikana jambo ambalo fizikia ilikuwa ikilijua bila kumwambia mtu, kwamba kopo lililobonyea sehemu mbili lina sauti mbili. Vita vikaleta kambi za Wamarekani, mapipa ya mafuta yakazagaa, na serikali ikafuta Kanivali kuanzia 1942 mpaka vita viishe. Vijana wakafanya mazoezi uani. Walipojimwaga barabarani 1945 kushangilia amani, makopo yalikuwa yamekwisha kujua nyimbo.

Sasa niwieni radhi, maana nitalieleza pipa hili mpaka Khalati asinzie. Huchukuliwa pipa la lita mia mbili na ushei, kitako chake kikapondwa kwa nyundo, taratibu, mpaka kizame. Humo ndani huchorwa mipaka, kila noti na kiwanja chake, kisha viwanja hugongwa tena kutokea chini ili vivimbe. Pipa hukatwa ubavu, hupashwa moto, hupozwa, ndipo aje fundi wa kulipa sauti, mtu mwenye nyundo ndogo na subira kubwa. Pipa moja la sauti ya juu hubeba noti 29 hivi. Mnaojua kinanda mtadhani zimepangwa kwa foleni. Thubutu. Katika mpangilio ulioenea zaidi, ambao sifa yake hupewa Anthony Williams, noti zimezunguka duara, na jirani wa kila moja ni ile iliyo hatua ya nne au ya tano kutoka kwake. Zile za oktavu ya juu zimeketi ndani zaidi, kila mtoto mbele ya mamake. Akili ya muziki imo pale, kwa sababu noti zinazopatana zikikaa jirani husaidiana kuvuma. Lakini ukitaka kupanda ngazi moja ya kawaida, ile ya mtoto wa shule, mikono hurukaruka huku na kule mpaka watu waulize kama kuna nyuki. Halafu kuna besi. Noti nzito hutaka nafasi, kwa hiyo pipa zima huwa na noti tatu tu, na mpigaji husimama katikati ya mapipa sita, wengine tisa, akizunguka nayo. Mimi nina nyuzi nne na bado nalalamika mgongo. Mwenzangu wa Trinidad anapiga besi kama mtu aliyefungiwa ndani ya kituo cha mafuta, na hakosei.

Na polisi, ambao waliwafukuza wapiga pipa hao kwa miaka, waliishia wapi? Waliishia kuwa walimu. Mwaka 1951 Trinidad ilituma kundi lake la mapipa, TASPO, likapige London kwenye Tamasha la Uingereza. Aliyewafunza ni Joseph Griffith, mzaliwa wa Barbados, mwanamuziki wa bendi za polisi, ambaye wakati huo aliongoza ile ya St. Lucia. Yeye ndiye aliyesisitiza mapipa yawe na noti zote, zile nyeupe na zile nyeusi. Ala iliyozaliwa kwa kumkimbia askari ikamaliziwa masomo na askari.

Ami atapinga, namsikia mpaka huku. Atasema marufuku haizai muziki. Kama ingekuwa inazaa, kila jela ingekuwa na okestra. Tena watu hao walitoka Afrika wakiijua ngoma, sanduku na pipa havikuwafundisha kitu. Hilo la pili nampa bila ubishi. Elimu ya mdundo ilivuka bahari vichwani mwa watu, na hakuna forodha iliyoweza kuipekua. Lakini elimu ile haikuchagua itatoka kwa sauti gani. Tazameni Cuba. Chakula rahisi cha kuwalisha watumwa wa miwa kilikuwa ng'onda, samaki wa bahari za baridi aliyekaushwa kwa chumvi, akaja amepangwa masandukuni. Weusi wa Havana na Matanzas, makuli wa gatini wakiwamo, ambao ngoma zao hazikuwa na amani na polisi, walilipindua sanduku, wakaliketia, wakalipigia rumba. Sanduku la samaki halivumi kama ngozi. Lina sauti kavu na fupi inayokata maneno, na rumba ilikwisha kuipenda sauti ile kiasi kwamba sanduku halikutupwa hata ngoma ziliporuhusiwa. Sanduku hilo huitwa cajón, ingawa ile mnayoiona leo inauzwa madukani kwa bei ya kitanda ni ndugu yake wa Peru. Vile vijiti viwili vya claves, ambavyo bila hivyo muziki wa Cuba haujui saa ngapi, mwanachuoni Fernando Ortiz alivihusisha na vigingi vya mbao ngumu vilivyotumika kuundia merikebu Havana. Bila chakula cha watumwa pasingekuwa na sanduku, na bila marufuku sanduku lingeishia jikoni kuwa kuni. Hata hivyo Ami ana haki upande mmoja: ziko marufuku zilizoua kabisa, na hatuzihesabu ngoma zilizokufa kwa kuwa zilikufa. Sidai sheria ilipwe mirabaha.

Kisa cha kuonyesha jinsi kanuni inavyompinduka mtungaji wake kipo Willemstad, katika kisiwa cha Curaçao, na hakina hata noti moja. Wana daraja linaloelea. Najua mtasema hata sisi tulijengewa letu, la Liwatoni. Tulieni. Hili la Malkia Emma ni la 1888, na meli ikitaka kuingia bandarini halinyanyuki wala halifunguki katikati, linaondoka. Ncha moja imefungwa upande wa Otrobanda, ncha nyingine ina injini na nahodha wake, na daraja zima husafiri majini mpaka lilale sambamba na ukingo, likiwa bado na watu juu yake, baadhi waliochelewa kushuka na baadhi waliokusudia. Ikipandishwa bendera ya rangi ya chungwa, hutangoja sana. Ikipandishwa ya buluu, tafuta pa kukaa. Asiyeweza kungoja huvushwa kwa feri bure. Kwetu Likoni abiria hukikimbilia chombo, huku chombo humkimbia abiria, na mwana wa Mombasa akiliona hilo husikia wivu na ukiwa kwa pamoja, kwa sababu hakuna anayesukumana, hakuna mkokoteni, hakuna anayeuza korosho. Lakini niliyokusudia ni ushuru. Zamani aliyevuka na viatu alilipa senti mbili, aliyekuwa peku alipita bure, ili maskini wasamehewe. Husimuliwa kwamba maskini waliazima viatu ili walipe na kupita kwa heshima zao, na matajiri wakavua vyao wakavuka peku. Ushuru ulifutwa 1934. Mtawala alikuwa ametunga kanuni akimfikiria mtu fulani, na mtu huyo kisiwani hakuwapo. Kisiwa hicho hicho, ambako watumwa waliasi 1795 wakiongozwa na Tula, kina ngoma iitwayo tambú iliyopigwa vita na kanisa na serikali kwa vizazi. Inayoshika mwendo ndani yake ni chuma cha jembe, chapi, kikigongwa. Jembe lilitolewa na bwana shamba. Hakuandika popote kwamba baada ya jua kuzama lisigongwe.

Hoja ya vijana wa barazani ndiyo inayonikera, maana ina meno. Watasema: mapipa hayo sasa yanapigwa gatini kwa ajili ya Wazungu wenye kaptula, nyimbo zile zile, kama hoteli za Pwani na "Jambo Bwana", basi historia gani? Kweli tupu, na mimi ni sehemu ya bidhaa: mshahara wangu ni wa kupiga nyimbo za watu waliofanya kazi usiku kwa watu waliolipia kutofanya kazi. Lakini mtalii si mgeni wa jana katika biashara hii. Port Antonio ya Jamaica ilitajirika kwa ndizi mwishoni mwa karne ya 19, na wenye meli za ndizi wakagundua kwamba juu ya shehena pana nafasi ya kuweka vitanda. Abiria wakapandishwa juu, ndizi zikakaa chini, matangazo yakachapishwa. Meli ya anasa ninayoipigia besi ni mjukuu wa meli ya ndizi, na kama wajukuu wengi wenye fedha haipendi kuulizwa habari za babu. Na "Day-O" isiyokosekana katika meli yoyote ni wimbo wa wapakiaji ndizi wa Jamaica, waliobeba mikungu usiku kucha wakimngoja karani aihesabu ili warudi nyumbani. Harry Belafonte aliuimba katika albamu yake ya 1956, Calypso, dunia ikaununua kama njugu. Wakenya tuna udugu naye: alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuchangisha fedha za ndege ya Tom Mboya ya kuwapeleka wanafunzi wa Kenya masomoni Marekani, na 1965 alitoa santuri pamoja na Miriam Makeba yenye "Malaika" ndani yake. Kwa hiyo mtalii aliyelewa akiuimba wimbo ule anashika, bila habari, karatasi ya malalamiko ya kuli. Aprili ya 1956 hiyo hiyo, meli Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Mwaka ambao dunia ilijifunza wimbo wa makuli ndio mwaka lilipozaliwa sanduku la kuwaachisha kazi.

Hapa Ami, karani mstaafu wa Kilindini, hana budi kuwa shahidi wangu. Kontena halitupi kitu. Halivuji, halipasuki, halina ng'onda, na hakuna aliyewahi kuliketia akalipigia rumba. Baya zaidi, halingoji. Havana ya zamani ilikuwa mji wa kungoja: merikebu za Hispania zilizobeba fedha zilikusanyika pale mpaka msafara utimie, na mabaharia wakakaa majuma wakila, wakikopa na kucheza. Mombasa nayo iliishi kwa kungoja, jahazi zikija na kaskazi na kukaa mpaka kusi izirudishe Arabuni na Bara Hindi, na katika kukaa huko watu wakabadilishana nyimbo, wake na madeni. Leo meli ya makontena hung'oa nanga kabla baharia hajajua mji una msikiti wapi. Yetu ya watalii hukaa asubuhi hadi alasiri, muda unaotosha kununua kofia. Kwa kuangalia hilo mtu angesema bandari imekwisha kuzaa. Sikubali, na sababu imo kwenye ua wa Trinidad. Waliolifundisha pipa kuimba hawakuwa wote waajiriwa wa gatini. Wengi walikuwa vijana wa Laventille na mitaa ya jirani wasio na kazi ya kudumu, wakiitwa wahuni na majirani, mapolisi na mama zao. Kungoja hakujaisha, kumehama tu, kutoka gatini kwenda maskani. Na maskani zetu, Ami, unazijua zilivyojaa. Wenyewe sasa wanachezea simu na vipaza sauti vya mtumba, na kelele zao nawaombea mzivumilie, ingawa mimi nikiwa jirani yao nisingezivumilia.

Khalati aliniagiza picha za Havana. Hazitapatikana. Tangu Juni 2019 serikali ya Marekani imezikataza meli za watalii kutoka kwake kutia nanga Cuba, kwa hiyo tunapiga muziki wa Cuba huku tukiizunguka Cuba. Santuri za Cuba zenyewe hazikuhitaji kibali: HMV ilianza kuziuza Afrika 1933 katika mfululizo wake wa GV, Wakongo wakazijibu kwa rumba yao, na sisi tukacheza majibu hayo kwenye kila harusi bila kuuliza swali lilitoka wapi. Morogoro, mji usio na hata ufuko, Salum Abdallah aliiita bendi yake Cuban Marimba. Kwa santuri na gita alifika Havana karibu zaidi kuliko mimi niliye na kitabu cha ubaharia, sare yenye vifungo vya dhahabu bandia, na zamu ya kuwaelekeza abiria kwenye mashua za kuokolea, kazi ambayo huku hupewa hata wapiga besi.

Mkataba ukiisha nitakuja, inshallah. Ami aandae pingamizi zake kwa maandishi na azifupishe, maana intaneti ya melini huuzwa kwa bei ya mahari.

Wenu,
Mpiga besi